Astigmatizimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hulisikia neno hili kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye kiti cha kupimwa macho, wameshachoka kujibu "hii au ile". Wanatoka hapo na cheti cha miwani kilichojaa tarakimu, na maswali ambayo hawakupata nafasi ya kuyauliza.

Astigmatizimu ni nini?

Ni kasoro ya umbo inayolifanya jicho lishindwe kukusanya mwanga kwenye nukta moja. Mbele kabisa ya jicho kuna konea, utando angavu uliotangulia mboni. Konea ndiyo inayoupinda mwanga kwa sehemu kubwa, karibu theluthi mbili ya kazi yote, na lenzi iliyo nyuma ya mboni inamalizia. Konea ikiwa imebinuka sawasawa pande zote, na sehemu nyingine za jicho ziko sawa, miale hukutana kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mtu anaona vizuri.

Sasa shika kijiko, tazama mgongo wake. Kwa urefu umebinuka kidogo, kwa upana umebinuka zaidi. Konea yenye astigmatizimu ina tabia hiyohiyo, ila tofauti ni ndogo mno, huwezi kuitambua kwa kumtazama mtu usoni. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa dayopta, na konea ya kawaida ina takriban dayopta 43. Ikiwa kwa wima ina 44 na kwa mlalo 42, hapo konea peke yake imeleta astigmatizimu ya dayopta 2.

Kwa sababu pande hizo mbili zinapinda mwanga kwa nguvu tofauti, mwanga haupati nukta ya kukutania. Unajikusanya kwenye mistari miwili, mmoja ukiwa mbele ya mwenzake. Jicho likijitahidi kuuleta mstari mmoja kwenye retina, ule mwingine unaondoka hapo. Kwa hiyo ukungu haukwishi, uwe unatazama mbali au karibu.

Ina tofauti gani na kutoona mbali au kutoona karibu?

Asiyeona mbali, mwanga wake unakutana kabla ya kufika retina. Asiyeona karibu, mwanga unafika retina kabla haujakutana. Hawa wote wawili kosa lao ni la umbali tu. Mwenye astigmatizimu kosa lake lina mwelekeo: mistari ya mwelekeo mmoja inaweza kuonekana mikali na ya mwelekeo mwingine imefifia. Unaweza kuwa na astigmatizimu pamoja na mojawapo ya hayo mawili, na kwa kweli ndivyo ilivyo kwa wengi.

Ni ugonjwa?

Hapana. Macho mengi yana kiasi fulani cha astigmatizimu, na nusu dayopta mara nyingi haimsumbui mtu hata kidogo. Inapozidi dayopta moja hivi ndipo wengi huanza kulalamika. Lakini zipo hali chache ambazo astigmatizimu huwa ni dalili ya ugonjwa wa konea, na tutazifikia.

Nitajuaje kama ninayo?

Maandishi yanaonekana yana kivuli, kama yamechapwa mara mbili. Herufi zinazofanana umbo zinachanganyika: H na N, au tarakimu 3, 8 na 6. Unafinya macho bila kujijua, kwa sababu kope zikikaribiana zinazuia sehemu ya mwanga na kupunguza ukungu. Jioni kichwa kinauma sehemu za juu ya nyusi. Wengine huinamisha kichwa upande mmoja wanaposoma, na jamaa zao ndio wanaoligundua jambo hilo kwanza.

Lipo jaribio dogo la nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, funika jicho moja, na lile jingine litazame maandishi ya mbali kupitia tundu hilo. Yakionekana vizuri zaidi, tatizo lako huenda linarekebishika kwa lenzi. Yasipobadilika au yakizidi kufifia, usikimbilie miwani. Nenda kwa daktari wa macho akaangalie ndani ya jicho. Jaribio hili halitakuambia kama ni astigmatizimu au kutoona mbali, na halichukui nafasi ya vipimo.

Ile picha ya taa za usiku zenye miale mirefu, inayodaiwa kuonyesha anavyoona mwenye astigmatizimu, ni kweli?

Ina ukweli nusu. Usiku mboni hupanuka, mwanga unapita kwenye eneo pana zaidi la konea, na kasoro iliyokuwa imejificha mchana inajitokeza. Taa za magari zinavutika kuwa mistari, na zile zinazokuja mbele zinakutia kiwi. Ila miale kama hiyo huletwa pia na ukavu wa macho, mtoto wa jicho unaoanza, miwani yenye mikwaruzo na kioo cha gari kilichopanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Pepesa macho mara kadhaa: miale ikibadilika kila unapopepesa, machozi yako ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Inasababishwa na nini?

Mara nyingi mtu huzaliwa nayo au huipata anavyokua, na huelekea kufuata ukoo. Kusoma kwenye mwanga hafifu hakuisababishi. Kutazama simu kunachosha macho na kuyakausha, kwa hiyo dalili unazihisi zaidi, lakini simu haiwezi kuibinua konea.

Umri nao una sehemu yake. Kwa vijana, konea mara nyingi imebinuka zaidi kwa wima. Miaka inavyokwenda mambo hugeuka, na wazee wengi huwa na mbinuko mkali kwa mlalo. Ndiyo sababu mtu wa miaka 65 anaweza kuambiwa mhimili wake, yaani mwelekeo wa astigmatizimu yake, umehama kabisa ukilinganisha na cheti chake cha zamani.

Sababu nyingine ni kovu la kidonda au ajali kwenye konea, mshono wa upasuaji wa jicho, ule unyama unaoota kutoka kwenye weupe wa jicho na kutambaa hadi juu ya konea, au uvimbe mkubwa kwenye kope unaoibonyeza konea kwa nje. Huo uvimbe ukiisha, astigmatizimu yake nayo hupungua.

Kosa linaweza pia kuwa kwenye lenzi ya ndani huku konea ikiwa haina neno. Daktari na mwanafizikia Mwingereza Thomas Young aliligundua hilo kwenye jicho lake mwenyewe na kulieleza mwaka 1801. Alilizamisha jicho kwenye maji, na kwa kuwa konea ikiguswa na maji hupoteza karibu nguvu zake zote, alitarajia kasoro iondoke kama ilitoka huko. Haikuondoka. Akajua inatoka ndani.

Kufikicha macho kunaweza kuleta astigmatizimu?

Hili ningependa lichukuliwe kwa uzito zaidi kuliko linavyochukuliwa. Upo ugonjwa unaoitwa keratokonasi, ambao konea inakuwa nyembamba na kuchomoza mbele kama pia. Mara nyingi huanza katika ujana, tangu miaka ya kubalehe hadi ishirini na kitu, na unahusishwa sana na tabia ya kufikicha macho, hasa kwa wenye mzio unaowasha macho mwaka mzima. Astigmatizimu yake haina mpangilio: konea imepindapinda kiasi kwamba miwani ya kawaida inasaidia kidogo tu.

Alama ya kuitilia shaka ni kijana ambaye kila baada ya miezi michache miwani haimfai tena, CYL (kiasi cha astigmatizimu kwenye cheti) inapanda na mhimili unahamahama. Huyo anahitaji kupigwa picha ya ramani ya konea, si kubadilishiwa miwani kwa mara nyingine. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari anaweza kuimarisha konea kwa matone ya vitamini B2 na miale ya urujuanimno. Tiba hiyo lengo lake ni kuzuia hali isiendelee kuharibika, na wengi bado huhitaji miwani au lenzi baadaye. Na muwasho utibiwe. Kumwambia mtoto "acha kujifikicha" bila kumpa dawa ya mzio ni kazi bure.

Mtoto wangu halalamiki. Kuna haja ya kumpima?

Ipo. Mtoto aliyezaliwa akiona ukungu hajui kwamba wengine hawauoni, kwa hiyo halalamiki. Atasogea karibu na televisheni, atafinya macho, atachoka haraka kusoma, na mara nyingine ataitwa mvivu.

Watoto wachanga wengi wana astigmatizimu inayopungua yenyewe katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo kiasi kidogo kwa mtoto wa mwaka mmoja hakimtishi daktari. Kinachoogopwa ni kiwango kikubwa kinachoendelea, au jicho moja kuzidiwa sana na jingine. Ubongo hujifunza kuona katika miaka 7 au 8 ya mwanzo. Ukipelekewa picha yenye ukungu muda wote huo, unaacha kulitegemea jicho lile, na hapo ndipo linapopatikana jicho vivu. Likishakuwa vivu, miwani sahihi peke yake inaweza isitoshe, na huenda lile jicho linaloona vizuri likafunikwa saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lifanye kazi. Tiba hii huitikia vizuri zaidi utotoni kuliko ukubwani, ndiyo maana kupima kabla ya kuanza shule kuna faida kubwa. Mtoto hahitaji kujua kusoma. Mtaalamu anaweza kumpima kwa kumulika jicho na kutazama mwanga unavyorudi, mara nyingi baada ya kumtia matone yanayolegeza misuli ya jicho.

Astigmatizimu inapimwaje?

Kwanza kuna mashine unayoitazama picha ndani yake, nayo inatoa makadirio kwa sekunde chache. Hayo ni makadirio tu, kwa mtazamo wangu hayatoshi kutengenezea miwani. Kinachofuata ni majibu yako mwenyewe. Unaweza kuonyeshwa mchoro wa mistari inayotawanyika kutoka katikati, ukaulizwa upi ni mweusi zaidi. Mwenye astigmatizimu ataona mmoja umekoza na ule unaokatiza nao umefifia.

Kisha inakuja lenzi inayogeuzwa mbele ya jicho: "ya kwanza, au ya pili?" Hapa watu huingiwa na hofu kwamba wanafeli mtihani. Mtaalamu anautafuta mhimili kwa kuusogeza huku na huku mpaka pande mbili zilingane, kwa hiyo "zinafanana" ndilo jibu analolitafuta mwishoni. Zikifanana, sema zinafanana.

Ukitumia lenzi za kuvaa ndani ya jicho, mwambie kabla hajaanza. Lenzi hubadilisha umbo la konea kwa muda.

Tarakimu za kwenye cheti zina maana gani?

Tuchukue mfano: jicho la kulia, SPH −1.00, CYL −0.75, AXIS 180.

SPH ni nguvu inayowekwa kwenye lenzi pande zote. Alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu. CYL ni nguvu ya ziada inayowekwa upande mmoja tu, nayo ndiyo kiasi cha astigmatizimu yako. AXIS ni mhimili, yaani mwelekeo, kuanzia 1 hadi 180: 180 ni mlalo na 90 ni wima. Nguvu ya CYL haikai kwenye mhimili wenyewe, inakaa kwenye upande unaoukatiza. Kwa hiyo lenzi ya mfano wetu ina −1.00 kwa mlalo na −1.75 kwa wima.

Usishtuke ukipewa cheti kingine kinachosema −1.75, +0.75, 90. Ni lenzi ileile. Wataalamu wengine huandika CYL kwa kutoa, wengine kwa kujumlisha. Kubadili, jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, kisha usogeze mhimili nyuzi 90. Kuna watu wamewahi kuamini macho yao yameharibika ghafla kwa sababu tu ya tofauti hii ya uandishi.

Na mhimili mkubwa si ubaya mkubwa. Mwenye 170 hana tatizo kubwa kuliko mwenye 10.

Miwani inarekebishaje?

Kwa kuongeza nguvu upande unaohitaji na kuuacha ule mwingine. Lenzi ya namna hiyo huitwa ya silinda. Mwanaastronomia George Biddell Airy alijitengenezea hesabu za lenzi kama hiyo mwaka 1825, kwa ajili ya jicho lake la kushoto lililokuwa halimfai kusomea. Kanuni aliyoitumia ndiyo iliyo kwenye miwani ya leo.

Unaweza kuiona silinda yako. Vua miwani, inyooshe mbele yako kwa mkono, funga jicho moja na utazame ukingo wa mlango kupitia lenzi moja. Izungushe taratibu. Kipande cha ukingo kinachoonekana ndani ya lenzi kikiinama na kuachana na ukingo wa nje, lenzi hiyo ina silinda. Kisipoinama, haina.

Mwelekeo ukikosewa kwa nyuzi 10, karibu theluthi moja ya astigmatizimu inabaki bila kurekebishwa. Ukikosewa kwa nyuzi 30, faida yote ya silinda imekwisha, na zaidi ya hapo ni afadhali lenzi isingekuwa na silinda. Kwa hiyo wenye CYL kubwa wawe waangalifu na fremu za duara kamili. Skrubu ikilegea, lenzi inazunguka ndani ya fremu bila mtu kujua, na anaanza kulalamika kwamba macho yamezidi. Fremu iliyopinda usoni nayo inahamisha mhimili. Kabla ya kulipia kipimo kipya, peleka miwani ikanyooshwe.

Nimevaa miwani mpya, sakafu inaonekana imeinama. Wamekosea?

Huenda hawajakosea. Silinda hukuza picha kwa kiasi tofauti kwa kila upande, na ubongo uliozoea dunia ya zamani unahitaji muda. Ivae mfululizo, uwe mwangalifu kwenye ngazi, na usiendeshe gari mpaka utakapoona umetulia. Wengi huzoea ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mtu mzima anayevaa silinda kubwa kwa mara ya kwanza, hasa yenye mhimili wa mshazari kama 45 au 135, anaweza kupunguziwa nguvu kwanza na kuongezewa baadaye. Wiki mbili zikipita na bado unayumba, rudi wapime lenzi na mhimili wake.

Naweza kununua miwani ya kusomea iliyo tayari dukani?

Hizo hazina silinda, na nguvu ya macho yote mawili ni moja. Zitakuza maandishi, lakini ukungu utabaki.

Lenzi za kuvaa ndani ya jicho je?

Zipo za aina mbili kuu. Laini zenye silinda, ziitwazo toriki, lazima zitulie mahali pamoja, kwa hiyo nyingi huwa nzito kidogo upande wa chini na zina alama ndogo za kumwonyesha mtaalamu kama zimezunguka. Ukipepesa macho na maandishi yanakuja na kupotea, lenzi haikukaa sawa. Usiivumilie, irudishe.

Ngumu zinazopitisha hewa hufanya kazi kwa njia nyingine, na mimi naiona ni ya werevu zaidi: lenzi inashikilia umbo lake, machozi yanajaa mabonde yaliyo kati yake na konea, na mwanga unakutana na uso mmoja laini. Ndiyo maana zinawafaa wenye keratokonasi au makovu, pamoja na zile pana zinazokaa juu ya weupe wa jicho. Kuzizoea kunachukua muda, na haziondoi astigmatizimu inayotoka kwenye lenzi ya ndani.

Kwa aina zote, maji ya bomba yasiguse lenzi, usioge wala kuogelea nazo, na usilale nazo bila idhini ya mtaalamu. Vijidudu vinavyoingia kwa njia hiyo vinaweza kuacha kovu kwenye konea.

Upasuaji unaiondoa kabisa?

Kwa wengi unaipunguza sana, na baadhi huacha miwani. Katika LASIK, daktari anafungua tabaka jembamba la konea, leza inachonga umbo chini yake, kisha tabaka linarudishwa. Katika PRK hakuna tabaka linalofunguliwa. Ngozi ya juu ya konea inaondolewa na kuota upya, maumivu ya siku za mwanzo ni zaidi, lakini inafaa kwa baadhi ya wenye konea nyembamba. Ukumbuke konea yote ni nene zaidi kidogo ya nusu milimita, na kinachochongwa hakirudi.

Mtu asiyefaa ni yule aliye chini ya miaka 18, au ambaye kipimo chake kimebadilika ndani ya mwaka, mjamzito au anayenyonyesha, mwenye macho makavu sana, na mwenye keratokonasi hata ile inayoanza. Kituo kisichopiga ramani ya konea kabla ya kukupa tarehe ya upasuaji, kiache. Ukavu wa macho na miale ya taa usiku ni matatizo yanayoweza kufuata, na huwa hayamwishii kila mtu.

LASIK haizuii hitaji la miwani ya kusomea linaloanza karibu na miaka 40, kwa sababu hilo ni la lenzi ya ndani.

Nina mtoto wa jicho na astigmatizimu. Vinaweza kutibiwa pamoja?

Ndiyo. Lenzi iliyoingia ukungu inaondolewa na kuwekwa ya bandia, na ipo ya bandia yenye silinda ndani yake. Jicho huzunguka kidogo mtu anapolala chali, kwa hiyo wapasuaji wengi huweka alama kwenye jicho mgonjwa akiwa bado amekaa. Lenzi hiyo ikizunguka siku za mwanzo baada ya upasuaji, inaweza kurekebishwa. Uliza habari zake kabla ya upasuaji, maana kuibadilisha baadaye ni upasuaji mwingine.

Mazoezi ya macho au karoti vinasaidia?

Haviibadilishi konea.

Nisipovaa miwani itazidi?

Kwa mtu mzima, hapana. Utaendelea na ukungu na kuumwa kichwa, basi. Kwa mtoto ni habari tofauti, kwa sababu ya jicho vivu. Na kuvaa miwani hakulifanyi jicho kuwa tegemezi. Unaona tu tofauti ambayo zamani hukuwa na cha kuilinganisha nacho.

Nipime kila baada ya muda gani?

Mtu mzima asiye na tatizo jingine, mwaka mmoja hadi miwili. Mtoto mwenye miwani, walau mara moja kwa mwaka. Usisubiri zamu yako ukiona jicho moja limefifia ghafla, au kuna maumivu na wekundu, au unaona vitu viwili hata ukiwa umefunika jicho moja na miwani uliyovaa ni sahihi.